Mkanda Ndani ya Jeki

Vijana wangu wa gereji, Tumsifu Yesu Kristo. Na wale ambao si wa imani yangu, salamu yenu imo humo humo.

Siku ya kuniaga mlinipa kiti kizuri cha kupumzikia. Nashukuru, ingawa mgongo wangu umezoea kulala chini ya magari na bado haujakielewa. Nilipokuwa natoka getini, mmoja wenu aliuliza, "Mzee, ule mkanda wa suruali uliotundikwa msumarini juu ya jeki ni wa nani? Tuutupe?" Wengine mkacheka. Nikajibu, "Usiguswe," nikaondoka kwa sababu watu wa nyumbani walikuwa wananisubiri. Jibu lile halikutosha, na limenisumbua tangu siku ile. Kwa hiyo nimekaa kwenye kiti chenu, nimeweka ubao magotini, na nitaeleza mambo ya mkanda kuanzia mwanzo. Mambo ya vyeo mtayasikia kwa wengine.

Nilianza kazi katika gereji ya misheni nikiwa nimetoka shuleni, na nilichojua kuhusu magari ni namna ya kuyakimbilia yakipita. Mkuu wetu alikuwa Mzee Kapele, mtu wa Matai, mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa kama makoleo. Katika mfuko mmoja wa ovaroli alitia rozari na kipimo cha plagi pamoja. Mara nyingine alitaka hiki akachomoa kile. Hakuona aibu, alikirudisha na kuendelea.

Siku yangu ya kwanza ilipigwa kengele ya mchana, ile ya Malaika wa Bwana. Nilikuwa nashika taa kando ya lori lililoinuliwa. Nikapiga goti pale pale nilipokuwa, kama nilivyofundishwa na mama. Nikasikia navutwa ukosi wa shati.

"Unafanya nini?"

"Nasali, mzee."

"Hili lori limesimama juu ya nini?"

"Juu ya jeki."

"Na jeki imesimama juu ya nini?"

Nikafikiri. "Juu ya sakafu."

"Juu ya mafuta, mwanangu. Mafuta ya kujaza kikombe na kipande cha raba. Shusha kwanza, ndipo usali. Mungu anasikia. Mafuta hayasikii."

Tukashusha lori, tukafuta mikono, tukasali. Ndivyo ilivyokuwa kila siku nilipokuwa pale. Kengele ikilia, kila kilichokuwa juu kilishuka, au kilikalishwa juu ya magogo, ndipo watu walipiga goti. Padre mgeni aliwahi kutuambia kwamba hajapata kuona watu wanaoandaa sala kwa kelele nyingi za vyuma namna ile.

Mzee Kapele ndiye aliyenionyesha ngozi. Kisima cha misheni kilikuwa na pampu ya mkono, na ndani ya pampu kulikuwa na kikombe cha ngozi kilichobana maji yasirudi chini. Kikichakaa, alikata ngozi nyingine mviringo, akailoweka, akaibana kwenye kibao chenye tundu mpaka ikakauka ikiwa na umbo la kikombe, kisha akaipa mafuta. Mimi nilidhani ni kazi ya kizamani. Yeye alisema babu zake walifua chuma huku Ufipa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na upepo haukuwahi kulalamika. Nilicheka. Sikujua kwamba nilikuwa nafundishwa jambo ambalo lingenilisha baadaye.

Kutoka misheni nilihamia gereji ya kampuni ya usafirishaji hapa Sumbawanga. Ilikuwa miaka ya uhaba. Nyinyi mkikosa spea mnapiga simu. Sisi tulikosa spea tukaenda kulala, na asubuhi tukaja na wazo. Tulifunga bomba kwa sabuni, tulikata gasketi kwenye katoni, na breki tulizibembeleza kwa maneno.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Biashara zikafunguliwa, bidhaa zikapanda kutoka Tunduma, na maduka ya mjini yakajaa redio, viatu vya mitumba na betri za kila rangi. Watu binafsi wakaanza kumiliki magari, mengine yakiwa yameshazeeka katika nchi nyingine kabla ya kuja kuzeeka tena kwetu. Kampuni yetu haikuweza kushindana. Ikafungwa, geti likatiwa kufuli pamoja na shimo letu la kukagulia magari, na sisi mafundi tukaambiwa kila mmoja achukue kifaa kimoja kwenye stoo.

Simoni, mwenzangu ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akachukua vaisi ya kubania vyuma. Mimi nikachagua jeki kubwa ya magurudumu, ile inayolala chini na kusukumwa kama toroli. Wote walijua kwamba inavuja.

"Umechagua mgonjwa," Simoni akasema.

"Mgonjwa hutibiwa."

"Haya, daktari. Ukifika nyumbani ipe uji."

Nikaisukuma mpaka nyumbani kwangu, karibu na parokia, ikiacha alama ya mafuta barabarani kama konokono. Mke wangu, Mama Skola, alisimama mlangoni akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Hiyo hailali ndani." Ikalala chini ya kibanda cha mabati nyuma ya jiko, na pale ndipo gereji yangu ilipoanzia.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake bonde la Rukwa, upande wa Milepa. Alikuwa na pikapu kuukuu ambayo klachi yake ilifia mjini. Watu waliisukuma mpaka uani kwangu, naye akija nyuma yake na kofia yake ya pama, kiunoni amevaa mkanda mpana wa ngozi, mpana kuliko kiganja changu.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, Mzee Masanja. Karibu."

Tulipokwisha salimiana akanieleza shida yake. Mke wake alikuwa hospitali. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto mzima, mama mzima, na karibu angeruhusiwa. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya ukingo wa bonde. Mvua ikishashika, barabara ya kuteremka Milepa hugeuka utelezi, magari madogo hayapiti tena, na kinachobaki ni malori.

"Mke wangu ana mshono, fundi. Siwezi kumpandisha juu ya magunia. Na hapa mjini sina ndugu wa kumwacha. Nataka akae mbele, kwenye kiti, mtoto mikononi. Pleti ya klachi nimeshanunua Tunduma, hii hapa."

Nikaichukua pleti. Kazi ya klachi niliijua vizuri, na nilimwambia hivyo. Lakini kushusha giaboksi kunataka gari liwe juu ya magogo, kisha jeki hiyo hiyo ibebe giaboksi juu ya kifua cha fundi bila kulegea. Jeki yake ndogo ilikuwa imeshakufa, na madereva wenye jeki kubwa walikuwa safarini, huku Kasanga, huku Mbeya. Nikasukuma mgonjwa wangu chini ya pikapu, nikapampu. Gari likainuka vizuri kabisa. Kisha, taratibu, bila haraka yoyote, likaanza kushuka, kama mzee anayetafuta kiti.

Masanja akaangalia mpaka matairi yakagusa ardhi.

"Nyie Wafipa," akasema, "watu husema radi mnazirusha kwa uchawi mpaka ng'ambo ya ziwa, pikapu inawashinda kuinua?"

"Radi haina sili ya kuvuja, Mzee Masanja. Nipe nafasi."

Sasa vijana, hapa someni polepole. Jeki ikivuja msiivamie kwa spana. Ifuteni iwe safi kama sahani, muipampu chini ya mzigo, kisha muangalie mafuta yanatokea wapi. Yanaweza kutokea kwenye pistoni ndogo ya kupampu, au kwenye skrubu ya kushushia, au kwenye pistoni kubwa inayobeba mzigo. Yetu ilitokwa jasho kwenye pistoni kubwa. Nikamwaga mafuta yaliyokuwemo, nikayanusa, nikajua aliyeiua.

Ni neno lililoiua. Kule kampuni neno "haidroliki" lilikuwa jina la kila kitu chepesi kuliko oili ya injini. Mtu akisema "ongeza haidroliki kwenye jeki," mwenzake alichukua chupa ya kwanza aliyoiona, na mara nyingi ilikuwa ya breki. Mafuta ya breki na mafuta ya jeki ni mbalimbali kama chumvi na sukari. Raba inayoishi vizuri na haya huvimba na kuoza kwa yale. Hakuna aliyekusudia ubaya. Neno moja, chupa mbili, na jeki ikaugua miaka yote ile huku sisi tukiiongezea sumu kwa upendo.

Nikaifungua juu ya ungo wa Mama Skola, ili gololi ndogo za vali zisipotee. Kuku mmoja alizitamani sana nikamfukuza mara nyingi. Silinda ilikuwa laini, haina mikwaruzo, namshukuru Mungu. Sili ya raba, ile inayozuia mafuta yasipite kando ya pistoni, ndiyo iliyokuwa imekwisha, imelegea kama ganda la ndizi. Nikaenda nayo mjini.

Mwenye duka la spea aliishika kwa ncha za vidole. "Namba yake?"

"Namba ilifutika."

"Bila namba sina. Ila nina jeki mpya." Akanionyesha moja nyekundu, nyepesi, ya kuinulia gari dogo la kazi za ofisini. Ningeiweka chini ya pikapu ya Masanja, ingeomba kuhamishwa. Duka lilikuwa limejaa mpaka darini, na kitu nilichokitaka, cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, hakikuwepo. Hiyo ndiyo miaka ya ruksa kwa fundi.

Simoni alikuwa amekuja kutazama. Akashauri tuchimbe shimo uani. Mama Skola akamwuliza mvua ikinyesha tutafuga samaki wa aina gani humo. Basi nikajaribu raba ya tyubu ya lori, nikaikata vizuri, nikaifunga. Jioni ilishika. Asubuhi ilikuwa imevimba kama uyoga na mafuta yalikuwa chini. Tyubu imetengenezwa kushika upepo, haina mazoea na mafuta.

Asubuhi hiyo Masanja alirudi kutoka hospitali. Safari hii hakutania.

"Wamemruhusu. Wamesema kitanda kinahitajika. Nimewaomba wamwache kidogo, wamekubali kwa shida." Akatazama juu ya ukingo wa bonde, kule kulikokuwa kumefunga weusi. "Fundi, niambie kweli. Nikatafute lori?"

Nilikuwa nimeshika ile raba iliyovimba. Sikutaka kumdanganya, na sikutaka kumwambia ndiyo. Niliinamisha macho kama mtu anavyofanya akitafuta neno, na macho yakaangukia kiunoni kwake.

"Huo mkanda," nikasema, "ni ngozi ya kweli?"

"Ngozi ya kweli?" Akakasirika kidogo. "Huu ni dume langu mwenyewe. Lilikufa kwa uzee, ngozi yake ikalainishwa na fundi wa Shinyanga. Nimeuvaa tangu nihame. Kwa nini?"

"Uvue."

"Nini?"

"Mzee, anakwambia uvue mkanda," Simoni akasema. "Mimi nimefanya kazi naye miaka mingi, akifika hapo ni bora umtii."

Nikamweleza kuhusu pampu ya kisima, kuhusu kikombe cha ngozi, kuhusu Mzee Kapele. Nikamwambia kwamba jeki za zamani zilikuwa na ngozi ndani kabla raba haijatawala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaufungua mkanda, akaupitisha mikononi mara moja kama mtu anayeaga, akanipa. Mkono mwingine ulishika suruali. Mama Skola akamletea kamba ya katani, naye akajifunga kiunoni.

Nilikata mviringo kwenye sehemu nzito zaidi. Nikauloweka katika maji ya vuguvugu, nikaubana kwenye kipande cha bomba kwa vaisi ya Simoni, nikaacha ukauke kivulini. Hapa ndipo kijana huharibu, kwa sababu jua lipo na haraka ipo. Ngozi ukiianika juani inapasuka. Masanja alizunguka kibanda akiangalia mawingu, akarudi akaangalia ngozi, akaenda tena. Mimi nilisali rozari nikiwa nimekaa juu ya gogo, maana mikono yangu ikikosa cha kushika huenda kufungua vitu kabla ya wakati wake. Ilipokauka nikaipunguza kingo kwa kisu kikali, nikaitia katika mafuta ya ng'ombe ya vuguvugu mpaka ikanywa ikatosheka. Nikasafisha jeki yote ndani, isibaki hata harufu ya breki. Nikaifunga, nikaijaza mafuta yake halali, nikaipampu bila mzigo huku skrubu ya kushushia ikiwa wazi mpaka upepo wote ukatoka. Msisahau upepo. Jeki yenye upepo ndani huahidi kuliko inavyotimiza.

Asubuhi iliyofuata tukaisukuma chini ya pikapu. Nikapampu. Gari likapanda. Tukasogeza magogo chini ya chesisi, lakini sikulikalisha juu yake. Niliacha nafasi ya kupita kidole kati ya gogo na chuma. Kama jeki ingelegea, gari lingekalia gogo na kidole kisingepita tena. Kama ingeshika, nafasi ingebaki. Tukasimama mbali kidogo, tukangoja. Kule bondeni ngurumo zikaanza.

Na kengele ya parokia ikalia mchana.

Simoni akaniangalia. Alifahamu desturi yangu. Kule kampuni alinitania kwa ajili yake kila siku. "Utashusha?" akauliza. "Ukishusha sasa, kipimo tunaanza upya. Na mvua ile haianzi upya."

Nilifikiri habari ya Mzee Kapele. Aliposema shusha kwanza, alikuwa analinda nini? Gari? Hapana. Alikuwa analinda mtu aliyesahau yuko chini ya nini kwa sababu moyo wake uko kwingine. Chini ya pikapu hakukuwa na mtu, magogo yalikuwa mahali pake, na sisi wote tulikuwa mbali.

"Rudini nyuma zaidi," nikasema. "Tusali."

Mama Skola akatoka jikoni. Simoni akaitikia. Masanja, ambaye hakuwa Mkristo wala hakujidai kuwa, akavua kofia yake ya pama, mkono mwingine ukiwa bado umeshika suruali kwa mazoea, ingawa kamba ilikuwepo. Tukasali Malaika wa Bwana mpaka mwisho, bila kuharakisha. Mungu ananijua: mdomo wangu ulikuwa kwa Malaika na macho yangu yalikuwa kwenye lile pengo.

Baada ya Amina hakuna aliyesogea. Kisha Masanja akaenda peke yake, akachutama, akaingiza kidole juu ya gogo. Akakipitisha upande huu, akakitokeza upande ule. Akageuka kututazama.

"Kinapita," akasema.

Tukakalisha gari juu ya magogo kama inavyotakiwa, nikaingia chini, na kazi ya klachi ikaenda kama nilivyomwambia itakwenda. Sitawachosha nayo, mnaijua. Tulipomaliza, Masanja aliendesha mpaka hospitali akarudi kuniaga, mke wake amekaa mbele kwenye kiti, mtoto amefunikwa khanga. Yule mama alikuwa mtu mwembamba, mtulivu. Alinisalimu, akashukuru, kisha jicho lake likaanguka kwenye kamba ya katani kiunoni kwa mumewe aliposhuka kufunga boneti.

"Mkanda uko wapi?"

"Umo ndani ya jeki ya fundi."

Alijaribu kujizuia. Akaweka mkono juu ya mshono, akafumba macho, mabega yakaanza kutikisika. "Masanja, usinichekeshe," akasema, "nitafumuka." Ndivyo walivyoondoka uani kwangu, yeye akicheka kwa uchungu na mumewe akimwomba anyamaze. Mvua ilinyesha jioni ile, kubwa, ya kushika. Habari ilinifikia baadaye kwamba walikuwa wameshafika chini.

Jeki ile ilinilea. Kwayo niliinua magari mpaka kibanda kikawa gereji, sisi tukahamia nyumba nyingine, na gereji ikawapata nyinyi. Ngozi sijaibadilisha hata leo. Mmeitumia wote, mkidhani ndani yake kuna raba kama jeki nyingine, nami sikuona haja ya kuwasumbua. Sasa inabaki kwenu. Mafuta yake yako kwenye kopo la bluu, nimeandika juu yake JEKI kwa rangi, si haidroliki.

Masanja alirudi baada ya mavuno ya msimu ule ule, na mchele wa bondeni kwa Mama Skola. Nilimwona getini, nikaona amevaa mkanda mpya wa ngozi, mpana vile vile, mzito vile vile. Nikamwambia nafurahi amepata mwingine, maana kamba haikumpendeza.

"Huu si wangu," akasema. Akaufungua, akaupitisha mikononi, akautundika mwenyewe msumarini juu ya jeki, akatoa ile kamba ya katani mfukoni na kujifunga tena kiunoni. "Huu ni spea, fundi. Nilikuwa nakuletea, nikaona njiani nisiubebe bure."